Yule wa Mwavuli

Kitabu cha tatu tulikipata Mwembe Tayari,
chini ya rundo la vitabu vya hesabu,
shilingi hamsini, jalada limechanika.
Cha kwanza na cha pili hakuvijua hata muuzaji.
Nyanya aliposikia ni manga akauliza,
"Manga ya wapi, Maskati?
Na pilipili je, hawakuuza?"

Husomwa kutoka kulia, kama juzuu.
Hilo halikutupa tabu.
Kimeandikwa Kiingereza, Rabab akikigeuza papo hapo
kikatoka Kimvita.

Kila alasiri baada ya chuo
tulikaa kwenye ngazi za kina Rabab, Kibokoni,
tangi la juu likidondoka nyuma yetu.
Tukagawana watu.
Rabab akawa msichana mcheza mpira,
Twalib nahodha, kwani sauti yake ilikwisha vunjika,
Nasra na Ghalib wakamgombania mcheshi
hadi wakapokezana kurasa.
Mimi nilikuwa nimetumwa makaa.
Niliporudi amebaki mmoja.

Yule wa mwavuli.
Ana miwani isiyoonyesha macho,
magoti yanayotazamana,
hushika mabegi wenziwe wakiingia mtoni.
Jina lake labda lilitajwa kitabu cha kwanza.
Kila anapopewa kiputo cha maneno
ndani mna nukta tatu.

Nukta tatu husomwaje?
Siku ya kwanza nilinyamaza.
Ghalib akanipiga kumbo: "Zamu yako."
"Nishasoma."
Wakacheka mpaka mamake Rabab akachungulia dirishani.
Siku ya pili nilikohoa.
Ya tatu nikavuta pumzi kwa pua,
Twalib akasema hiyo, hiyo hasa,
nami usiku nikaifanyia mazoezi
mbele ya kabati la vyombo.

Wasema kimya kina mshindo mkuu.
Changu hakikuwa na mshindo.
Kilikuwa na jasho la viganja,
na sentensi iliyofika mlangoni
ikakuta wenziwe washahamia hadithi nyingine.

Nikaanza kumtazama kwa karibu.
Ukurasa wa arubaini, wote wanakimbilia treni,
yeye nyuma kabisa, mdogo kama punje ya mtama,
lakini kamba ya kiatu chake imefunguka,
na kuna mtu, huko kwao, aliyekaa
akaichora ile kamba.

Agosti babake Rabab akapata kazi Doha.
Hakuna aliyelitaja kwenye ngazi.
Tulisoma polepole tu,
kurasa mbili, kisha moja,
kisha Nasra akidai turudie ya jana, hakuisikia vizuri.

Ukurasa wa mwisho una doa la mafuta,
la bajia nadhani.
Juu wote wamesimama kituoni.
Nahodha akaahidi. Mcheshi akatania.
Msichana wa mpira hakulia,
na Rabab akasoma hivyo, bila kulia.
Chini, yule wa mwavuli, uso umejaa kisanduku,
na kwa mara ya kwanza kiputo chake
kina maneno,
yote ndani ya mafuta.

Tuliuinua ukurasa juani.
Zikaja herufi za upande wa pili, kinyumenyume.
Wakanigeukia.
Tangi likadondoka. Likadondoka tena.
Nikasema,
"Kesho nije saa ngapi?"

Halikuwa neno la kituo cha treni.
Ndege yake ilikuwa ya asubuhi, sote twajua.
Ghalib hakucheka, na hilo likanitia haya zaidi.
Rabab akafunga kitabu,
akanipa nikishike, pamoja na begi lake,
akainama akatafuta ndara yake ngazi ya chini.
"Saa kumi," akasema. "Kama kawaida."

Nilikwenda. Saa kumi kasorobo.
Milango imefungwa, tangi halina maji.
Nikakaa ngazi ya nne,
nikafungua kutoka kulia,
nikasoma zamu yangu.